Diski Mbili na Nafasi Tano za Boti

Sogeeni karibu, wanangu, mukae pale nitakaposikia pumzi zenu, maana macho yamenitangulia na masikio nayo yanafungasha. Elda, weye mukubwa wao, kaa upande wa mkono wangu wa kulia. Heri iko wapi? Aksanti, binti yangu, zima ile radio. Mizinga ya milimani tuliisikia jana, na leo itakuwa ile ile. Nataka kusema maneno ya mtu anayeondoka, na kichwa changu kimevurugika, kwa hiyo nikipotea njia munisubiri, musinikate, nitarudi mwenyewe.

Nianze na mali, kwa sababu mali ni nyepesi. Michikichi ya Kizuka ni ya Heri, na asiikate hata mmoja kwa ajili ya kuni. Koleo, bisibisi na masanduku yote ya vipande vya radio ni ya Aksanti. Watu wa sokoni watasema mwanamke hatengenezi radio, waache waseme, radio haiulizi imeshikwa na mikono ya nani. Nyumba hii ni ya Elda, kwa sharti kwamba yeyote kati yenu atakayerudi na vita nyuma yake akute kitanda. Hapo nimemaliza. Sasa mzigo wenyewe, nao ni ule ulio chini ya kitanda changu: diski mbili za jazi, moja ndani ya mfuko mweupe ulioshonwa mdomo, nyingine ndani ya karatasi ya kaki.

Mulikuwa mukitucheka, mimi na Abdulhamid, fundi cherehani wa kule mtaani kwa Waswahili, wazee wawili wanaopiga wimbo mmoja mara nne. Diski yangu niliinunua Bukavu kwa Mbelgiji aliyekuwa akifunga nyumba arudi kwao: Wamarekani weusi watano, chapa ya kwanza, na posheti yake, ile nguo ya katoni, ilikuwa nene hata ungeweza kuikalia. Abdulhamid alikuwa na muziki ule ule, lakini chapa ya pili, iliyotolewa upya miaka kumi na tano baadaye: posheti nyembamba, buluu ya picha imegeuka kijani, na majina ya wapigaji yamesukumwa nyuma kwa herufi za kuchosha macho. Jumapili, mimi nimetoka misa na yeye ameswali alasiri, tulipiga yangu, halafu yake, halafu yangu tena. Yangu ilikwaruza kama chumvi katika mafuta ya moto, lakini nyuma ya ile mikwaruzo ulisikia mguu wa mpiga ngoma ukigonga sakafu. Yake ilikuwa laini, tarumbeta limesogezwa mbele, besi imenyolewa. Aliita yake jazi ya mjini na yangu jazi iliyotoka shamba, tukabishana mpaka mama yenu Sabine akatuletea samaki, mukeke wa kukaanga, ili tunyamaze.

Nilikuwa wapi? Ndiyo, Idi. Mwaka wa tisini na saba, kabla ya Idi, aliazima yangu kwa wiki moja. Elda, weye ndiye uliyemkabidhi, ama alikuwa Heri? Haidhuru. Ilirudi ndani ya huu mfuko mweupe alioushona mwenyewe. Nikaweka sindano: hakuna chumvi! Laini kabisa. Nikamwambia, Abdulhamid, umenirudishia yako na yangu umebaki nayo. Akacheka, akidhani ni utani wetu wa siku zote. Alipoona sicheki akasema, "Wallahi, Mulamba, miye nimeiosha tu, na sabuni na maji ya uvuguvugu. Bakuli ya jirani inarudi chafu?"

Nanyi munajua kwamba ndivyo tulivyo pwani hii ya ziwa, cha watu kinarudi kimeoshwa. Lakini mimi, fundi radio, mwenye masikio yaliyosifiwa toka Minago mpaka Kigwena, nikamjibu kwamba sabuni inatoa vumbi, haitoi umri. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako, mbele ya wateja wake. Kisha nikaushona mfuko mdomo, diski ndani, nikaapa sitaipiga tena. Na ule mguu wa mpiga ngoma? Hapo ndipo ninapozunguka, wanangu, miaka minne sasa. Siku nyingine nausikia wazi, siku nyingine sisikii kitu. Mguu ule unaanza baada ya tarumbeta kunyamaza, na nadhani, nadhani tu, hasira yangu iliinua sindano kabla haujafika.

Sasa munisikilize, hata kama mutanichukia. Niliwaambia kwamba siku ile ya kukimbia vita, boti ya Minago ya kwenda Kigoma ilikuwa imejaa. Haikujaa. Asubuhi Abdulhamid alikuja hapa mlangoni, boti ni ya ndugu yake Shafii, akasema, "Tumekuwekea nafasi tano, mama Elda na watoto wakae katikati." Akatoa diski nyingine katika karatasi ya kaki, akaiweka kizingitini. "Kama ni hizi diski, shika zote mbili. Lakini leta watoto." Na mimi, badala ya kuona rafiki anayenisihi, nikaona mwizi anayerudisha. Nikamwambia sipandi boti moja na mwizi. Mama yenu alikuwa ndani anafunga vitenge. Nikaingia, nikamwambia boti imejaa, twende msitu wa Kigwena. Homa ilimkuta huko siku ya tisa, bila kidonge, na alikufa akiamini hivyo. Mutu mwenye nafasi katika boti.

Usinishike mkono, Aksanti. Bado.

Mwezi uliopita Lukeba, mutoto wa ndugu yangu, alituma toka Ubelgiji chapa ya tatu, hii ndogo ya CD katika kisanduku cha plastiki. Wameongeza nyimbo tatu ambazo wenyewe walizitupa, na mguu wa mpiga ngoma ama wameufuta, ama masikio yangu ndiyo yamefutika, sijui. Lakini ndani iko kitabu kidogo. Aksanti alinisomea, hakujua ananisomea hukumu: chapa ya kwanza ina nimero iliyochongwa kwa mkono karibu na karatasi ya katikati, mia tatu na kumi na saba, na herufi A. Ile ya pili nimero imegongwa kwa mashine, na mwishoni iko mbili. Tangu siku hiyo sijalala. Ile ya kaki naipapasa kwa ukucha, leo nahisi michoro ya mkono, kesho ni mashine. Ya mfuko, ile aliyonirudishia, sikuthubutu kuifungua.

Elda, shika wembe. Fumua. Polepole, alishona vizuri yule... hapana, mdomo nilishona mimi.

Ngoja, usisome. Nataka hili niliseme nikiwa bado sijui: hata kama aliiba, mama yenu alikuwa na nafasi. Nimesema. Heri, umesikia?

Haya, soma.

Tatu. Moja. Saba. Angalia vizuri, peleka kwenye mwanga. Si mbili? A. Kwa mkono?

A.

Nani amefungua mlango? Ni Heri ametoka? Muacheni, ana haki, musimwite. Mutamwambia haya baadaye. Biasha, binti ya Abdulhamid, anakuja sokoni na samaki wa Kigoma. Baba yake angali hai kambini kule Kigoma. Mutampelekea diski zote mbili, na hii ya tatu, achague mwenyewe ipi inasikika. Mimi munizike Kizuka. Kwenye kaburi la Sabine musinipeleke mpaka nyinyi watatu mukubaliane, na mmoja akikataa, basi iwe hivyo, musimlazimishe.

Maji, Aksanti. Kidogo. Inatosha.

Mungu awape mvua kwa wakati na chungu kisichokauka. Awape marafiki, na mukiwa nao awape subira ya kungoja wimbo uishe. Amahoro, amani yenyewe, iingie nyumba hii mungali vijana... Elda, nyie muko wangapi hapa? Wawili. Ndiyo, Heri ametoka. Baraka yake ni ile ile, umupelekee yote, usipunguze.

Na Abdulhamid... akiuliza nimesema nini, musimwambie nimelia. Mumwambie, Baba Biasha, Mulamba anasema asante kwa kuiosha. Siku ile sikumwambia.