Eliud Wawili, Faili Moja

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Halmashauri yetu, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mganga Mkuu wa Wilaya na wataalamu mlioongozana naye, Mchungaji wetu, ndugu wageni waalikwa kutoka mjini, nanyi wenzangu wa mlimani mliofika mapema mkapewa viti vya nyuma: Bwana asifiwe!

Kwa wasionifahamu, mimi ni Eliud Mika, mkulima wa kahawa na mwenyekiti wa kamati ya kituo hiki cha afya cha Nkoasirwa. Nimesimama kumuaga Dada Vaileth Yiamat, aliyetumwa kuupima mradi wa Serikali wa kupeana taarifa za wagonjwa kwa kompyuta. Mshereheshaji amenionya nisirefushe, eti nyama imeiva. Nitajitahidi, ingawa mnanijua.

Mradi huu ulipofika tuliupokea kwa vigelegele, na kwa nini tusiupokee? Zamani ukipewa rufaa ya kwenda mjini ulishika karatasi mkononi, na mvua ya huku ikikukuta njiani, ulifika na uji. Leo taarifa zako zinakutangulia. Jirani yangu Elihuruma alipozidiwa na kisukari, daktari wa mjini alishazijua dawa zake kabla gari halijapita Tengeru. Yuko pale, amenenepa, na soda anaiangalia kwa macho tu.

Sasa, ndugu zangu, nimsifu Ndugu Gidion, afisa wetu wa kompyuta. Kila robo mwaka alituonyesha mistari ya grafu inayopanda. Mimi nikiona kitu kinapanda tu huwa nauliza: je, kimezaa? Lakini mkulima ni nani mbele ya mstari? Wakubwa walimwambia kwamba majina yanayojirudia kwenye mfumo ni uchafu, na kituo kinachoyaunganisha kinapata alama. Gidion akaunganisha. Tukawa kituo bora, tukapewa cheti, tukakata keki.

Waheshimiwa, huku kwetu nani hajirudii? Mjukuu wa kwanza wa kiume anachukua jina la babu yake. Mimi ni Eliud Mika, mwanangu ni Mika Eliud, na mwanawe, ambaye bado ananyonya, ni Eliud Mika. Simu ya nyumbani ni moja, ya mke wangu Eunike, ndiyo tuliyoiandikisha wote. Na tarehe yangu ya kuzaliwa? Mama alisema nilizaliwa wakati wa mvua kubwa, na kompyuta haina mahali pa kuandika mvua. Basi mfumo ukaona jina moja, kijiji kimoja, simu moja. Ukatufanya mtu mmoja.

Ujumbe ukaingia: “Ndugu Eliud Mika, umekosa chanjo ya surua. Fika kituoni ukiwa na mama yako.” Mama yangu amelala nyuma ya migomba tangu enzi za Mwalimu! Nikaja peke yangu. Nesi Brightness akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akasema, “Shikamoo, babu. Mfumo unataka nikupime uzito kwanza.” Nikauliza, kwa ule mzani wa kuning'iniza watoto? Akasema, “Babu, tusijaribu.” Wiki nzima kwaya ya kanisa iliniuliza kama nimeanza kutambaa.

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kisha mjukuu akapata homa ya mapafu, mkwe wangu Diana akampeleka mjini. Daktari akafungua faili la Eliud Mika, akakuta mgonjwa wa presha, mkulima, hana meno ya chini. Hapo kwenye meno tulifanana. Daktari akasema hili si faili la mtoto, akalifunga, na nani angemlaumu? Lakini ndani ya faili hilo Brightness alikuwa ameandika onyo: kuna dawa ambayo mwili wa mtoto huyu unaikataa. Sindano ya dawa hiyohiyo ilikuwa tayari, na Diana, aliyelikumbuka onyo la Brightness, akamshika daktari mkono akapiga kelele mpaka wodi nzima ikageuka. Mtoto alipona. Mimi niliposimuliwa nilikaa chini kwenye majani ya ng'ombe. Niliogopa, ndugu zangu. Tangu siku hiyo sijacheka tena juu ya faili lile, leo ndiyo mara ya kwanza.

Wapimaji waliotangulia walikunywa chai, wakatazama mistari, wakasaini kitabu cha wageni. Dada Vaileth alikwenda barazani kwa wagonjwa akaita, “Eliud Mika ni nani?” Nikasimama. Diana naye akasimama, kambeba mwenzangu. Akaita Eunike, likasimama karibu benchi zima. Dada akafunga kompyuta yake, akasema, “Tuanze upya.”

Nasikia wapo waliomwomba ailainishe ripoti, tusiaibike, mradi usifungwe. Akakataa. Dada Vaileth, kwetu mtu akikuambia ukweli unamchinjia, ndiyo maana leo kuna mbuzi. Nawe mgeni rasmi, hatuombi mradi ufungwe; ng'ombe akipiga teke ndoo, humchinji. Tunaomba ripoti hii isomwe, na sisi mlioharakisha kutuunganisha mtutenganishe kwa haraka hiyohiyo.

Maana mimi nimezeeka. Nikifa, Gidion kwa uaminifu wake ataandika: Eliud Mika, amefariki. Kesho yake Diana atampeleka mtoto kliniki, aambiwe kwamba mwanawe alizikwa jana na kwamba mazishi yalifana. Je, atapewa chanjo? Marehemu hachanjwi! Kwa hiyo mke wangu ameshatoa amri mbele ya Mchungaji: mpaka faili litenganishwe, nimekatazwa kufa. Nimetii, lakini Mheshimiwa, presha yangu haijaisoma amri hiyo.

Nawashukuru wote, nyama isipoe. Asanteni kwa kutusikiliza, sisi Eliud wote wawili.