Kilo Thelathini za Majogoo Wanaoruka

Kijiweni kwetu Mji Mpya tuna benchi moja, birika la kahawa na jibu la kila jambo. Jana asubuhi Kibwana alileta tenga la majogoo. Wakwe zake wa Ngerengere walimwagiza kilo thelathini za kuku wa harusi, na mwaka jana aliwapelekea mbuzi akafia njiani. Hii ilikuwa nafasi yake ya kusafisha jina. Tukalitundika tenga kwenye mizani ya duka la jirani. Majogoo wakaanza kurukaruka, mshale ukacheza kati ya ishirini na sita na thelathini na nne.

— Jogoo akiwa hewani hahesabiki, alisema Luqmani, tunayemwita Lekchara kwa sababu aliwahi kuuza vitumbua kwenye geti la chuo. Huyo kabebwa na hewa.

— Hewa ya humo humo ndani ya tenga? mwenzetu Abeid akamcheka. Yaani mimi nikiruka ndani ya basi, dereva kapunguziwa mzigo?

— Inategemea basi.

— Toka hapa! Wafunikeni kanga, wadhani ni usiku, walale.

Tukawafunika. Wakawika.

— Jamani mnanimaliza, alisema Kibwana. Shemeji yuko njiani kuwachukua.

— Basi wapeni kahawa, alisema Luqmani. Wakitetemeka wote pamoja, mshale utatulia.

Mimi, ninayelipwa kuandika habari na si kupima kuku, nikaleta wastani: tusome mshale mara nyingi, tujumlishe, tugawanye. Ikaja thelathini kamili. Abeid akanipa mkono mara mbili. Kibwana akaagiza kahawa ya wote.

Tukiwa tunakunywa, akafika shemeji yake, Shadya.

— Shikamooni.

— Marahaba, alisema Kibwana. Kilo zenu hizo, shemeji, thelathini kavu! Tumepiga wastani.

Shadya akalitazama lile tenga la mianzi.

— Na tenga lenyewe lina kilo ngapi?

Luqmani akachungulia kikombe chake. Abeid akakohoa. Mimi nikatafuta kitu kwenye simu.

— Kazi ndogo hiyo, alisema Kibwana. Tunatoa kuku, tunapima tenga.

Akafungua.

Tenga tupu lilitulia vizuri sana. Mshale ulisimama kwenye tano, tukakubaliana wote kwa mara ya kwanza. Majogoo walikuwa wanaelekea stendi ya Msamvu, na Kibwana nyuma yao, ndala mkononi.

— Sasa nikamwambie mama nini? aliuliza Shadya.

Kule mbele Kibwana akauruka mtaro.

— Hapo, alisema Luqmani, hahesabiki.