Mstari Ulionyooka

Kring! Kengele ya baiskeli ililia mara moja tu usiku wa kuamkia leo, kisha kimya. Sisi tunaolala jirani na karakana ya Fundi tuliijua ni ipi. Kulipokucha tukaikuta baiskeli yenyewe, ile iliyotundikwa ukutani mwa karakana miezi minane bila kuguswa, imesimama mbele ya benchi letu, imefutwa vumbi, mnyororo umetiwa mafuta. Aliyeishika ni Dada. Tunamwita hivyo kwa sababu ni dada wa mwenye baiskeli, na mwenye baiskeli, tangu aanguke mlimani akafa, jina lake halitajwi hapa kijiweni. Tunasema "mwenzetu", basi. Mimi ndiye muuza kahawa. Nikamimina vikombe vinne, cha Dada kikamwagika kidogo. Mashindano ya baiskeli ya mlimani, ambayo Dada alijiandikisha, yalikuwa yaanze saa tatu, kila mtu ajitafutie njia yake mpaka ng'ambo ya mlima. Ilikuwa saa mbili na robo.

Dada akaweka vitu viwili juu ya benchi: simu yake, na kifaa cha GPS alichoazima, kidogo kama kiberiti.

— Niambieni nifunge kipi kwenye usukani.

Dira, dereva wa malori mstaafu, akakidaka kifaa.

— Hiki! Hiki kinaongea na setilaiti uso kwa uso. Simu mpaka ikaombe ruhusa kwa mnara.

— Mzee wangu, umepitwa, akasema Betri, fundi simu. Ramani ukishaipakua, simu haihitaji mnara. Tena kioo kipana. Hicho kijidude utasomea nini, miwani?

— Chaji yake inakaa kutwa nzima! Simu ikipigwa na baridi ya juu kule inazima kama mshumaa. Na wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

— Sasa hiyo na chaji vinahusianaje?

— Inakwenda polepole, haiishi. Fikiri, kijana.

Fundi alikuwa amechuchumaa, anakaza spoki za gurudumu ambalo nilimwona akilikaza jana.

— Mimi nakwambia, Dada, akaendelea Betri, simu inakusoma. Ukichoka inajua, inakutafutia tambarare. Ina akili.

— Akili! Setilaiti ndizo zinazokupima uzito ukiwa bado chini. Mtu mnene hazimwonyeshi mlima kabisa. Mimi zilinificha kilima miaka kumi.

Nilicheka peke yangu. Dada alikuwa anaangalia saa.

— Njia nimeshaichagua, akasema. Nimeiweka kwenye vyote viwili. Ndiyo fupi kuliko zote.

— Hapo umelenga! Betri akapiga paja. Njia ya mwongo ni fupi!

— Hiyo si sifa, we Betri, akasema Dira.

— Fupi ni fupi.

Fundi akainuka. Spana ilikuwa bado mkononi.

— Ile usiipite, mdogo wangu.

— Kwa nini?

— Mvua. Kunateleza.

— Wiki mbili haijanyesha, Fundi.

— Pita ya chini. Ni ndefu, lakini…

— Kaka yangu alipita ile. Miezi minane mama anaambiwa mwanawe alikuwa mzembe, anashuka kama kichaa. Hapa hapa ndipo maneno yalipotoka. Leo nashuka palepale, polepole, nipaone.

Dira akatazama kikombe chake.

— Mwenzetu alikuwa na mwendo mkali, binti yangu. Asiyesikia la mkuu…

— Malizia, mzee.

Akamalizia kahawa.

Ndipo akaja mgeni, mshindani mwenzake Dada, namba kifuani, gurudumu limeishiwa upepo. Akaomba pampu. Alipokuwa anajaza upepo akaiona simu pale benchini, akainama, akaikuza ramani kwa vidole viwili.

— Samahani, ndugu zangu. Njia yote hii imepindapinda kama utumbo. Ila hapa kwenye korongo imenyooka kama rula, mita mia mbili nzima. Aliyeirekodi alivukaje?

Betri akainamia kioo. Dira akakigeuza kile kifaa cha GPS, akakisogeza mbali na jua: mstari uleule. Nikatafuta cha kumimina, birika tupu.

— Hakuvuka, akasema Fundi.

Spana ikamtoka.

— Alishuka kwenye baiskeli, akaibeba begani, akazunguka korongo kwa miguu saa nzima. Chaji ilikuwa inaisha, akazima simu. Akaiwasha ng'ambo. Simu ikaunganisha nukta mbili yenyewe. Akairusha njia hiyo kwenye programu ya waendeshaji bila kuitazama. Wenzake wakaisifu kwamba ni fupi.

— Nani? akauliza Dada.

— Mimi.

Mtaani gari lilipiga honi, hakuna aliyegeuka.

— Asubuhi ile ya kuanguka, mwenzetu aliniuliza, "Fundi, pale kwenye korongo pana daraja?" Nilikuwa na mteja. Nikamjibu, "We fuata mstari." Kulikuwa na ukungu. Baada ya maziko nilifuta jina langu kwenye njia. Njia yenyewe sikuifuta, niliogopa mtu angeuliza kwa nini.

— Na maneno ya uzembe ukayasema wewe.

— Nikayasema mimi. Wenzangu wakayapokea.

Dada alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Saa tatu kasoro dakika kumi. Mgeni akairudisha pampu chini taratibu, kama kitu cha kuvunjika.

— Mama yuko nyumbani, akasema Dada. Tunakwenda sasa hivi, mimi na wewe, utamwambia yote. Lakini kwanza hapa, mbele ya hawa mlioyasema nao maneno yale. Mtaje.

— Mdogo wangu…

— Usiseme mwenzetu. Mtaje.

Fundi akajifuta mikono kwenye suruali, mara mbili, mara tatu, ingawa mikono haikuwa na grisi.

— Mzembe nilikuwa mimi, akasema. Si Kishada.