Rodah Buya Gunga na Zamu za Alhamisi

Wasifu unaosomwa na binti yake, Loise Gunga, Hewani, Jumamosi, 15 Novemba 2025

Marehemu aliacha maagizo mawili kuhusu karatasi hii. La kwanza, asisifiwe kwa upole, kwa sababu hakuwa mpole na hakutaka kuzikwa na sifa za mtu mwingine. La pili, habari ya Mahadi wa Ozi isirukwe. Familia imeyatii yote mawili.

Rodah alizaliwa hapa Hewani tarehe 19 Novemba 1961, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Elija Buya na marehemu Mama Tabitha. Ulikuwa mwaka wa gharika. Mto ulikuwa umeingia nyumba zote, na mama yake alijifungulia juu ya dungu la kulindia ndege shambani, maji yakipita chini. Mkunga aliletwa kwa mtumbwi. Bibi yake alizoea kusema kwamba mtoto yule alilia kwa hasira wala si kwa baridi, na kwamba sababu alikuwa nayo.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha akaenda bweni upande wa Kilifi, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka 1979. Alipokuwa darasa la sita alikataa kuchapwa kwa kosa la darasa zima. Akachapwa mara mbili, mara ya pili kwa kukataa, naye akakataa tena. Baada ya sekondari alisomea ukarani Mombasa kwa mwaka mmoja, akarudi kufundisha watoto wa hapa bila cheti cha ualimu hadi alipoolewa.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na Harrison Gunga, fundi wa pampu za maji. Walijaliwa watoto watatu. Harrison anasema kwamba katika miaka arobaini na moja ya ndoa yao mkewe hakuwahi kukasirikia chakula. Ugomvi ukiwa umepamba moto na sahani ikaletwa, Rodah alinyamaza, akala, akanawa mikono, kisha akauliza, "Tulikuwa wapi?" na kuendelea pale pale alipoachia.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa kuwa karani wa vibarua katika shamba moja kubwa la mpunga, chini kidogo ya Garsen. Kwa miaka thelathini ndiye aliyesimama langoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi na daftari, akiita majina. Aliyeitwa aliingia, asiyeitwa alirudi nyumbani. Alikuwa na mwandiko safi, wa kulala upande mmoja, na hakuwa na subira na wavutaji unga wa kulevya. Alimjua teja kwa kumtazama mikono tu, na hakuwa akimwita. Wengi waliomsifu kwa hilo wakati ule wapo hapa leo.

Mwezi wa Februari 2016 alikuja Mahadi, kijana wa miaka ishirini na tisa kutoka Ozi. Alikuwa ametoka soba ya Malindi, nyumba wanakokaa watu wanaoacha unga, baada ya miezi tisa. Alikuja na barua. Rodah alimpa nafasi kwenye pampu ya mfereji kwa kuwa siku hiyo watu walipungua. Mahadi alifanya kazi vizuri, jambo ambalo Rodah mwenyewe alilikiri. Ila kila Alhamisi hakuonekana, maana ndiyo siku aliyotakiwa kurudi Malindi kukaa na wenzake na kuonana na mshauri. Sheria ya shamba ilisema kwamba anayekosa siku tatu kwa mwezi bila barua ya daktari anafutwa. Mwezi wa Machi ukaisha na Alhamisi zake zote. Tarehe 7 Aprili Rodah alipiga mstari juu ya jina lake.

Kesho yake Mahadi alisimama mbele ya meza yake.

"Mama, ile siku moja ndiyo inayonishikia hizi nyingine tano."

"Sheria haikuwekwa kwa ajili yako peke yako."

"Barua nilikuonyesha."

"Barua ya soba si barua ya daktari."

Mahadi alisema, "Ahsante, mama," akaondoka. Alikutwa amekufa tarehe 21 Juni, nyuma ya mazizi ya mnada wa ng'ombe wa Garsen. Alikuwa ameurudia unga.

Rodah alikwenda Ozi kuhani. Alikwenda akitaka kutukanwa. Mama wa marehemu, Bi Mwanaarusi, alikuwa ameketi mkekani na wanawake wenziwe.

"Wewe ndiwe karani?"

"Ndimi."

"Mwanangu alikusifu. Alinambia una mwandiko mzuri."

Rodah alirudi nyumbani, akaketi mlangoni bila kuvua viatu. Harrison alimuuliza kulikoni. Akajibu, "Nimemfuta mtoto wa mtu kwa mwandiko mzuri."

Hasira aliyokuwa nayo tangu dunguni ilipata kazi siku hiyo. Aliwaandikia wakubwa wa shamba mara nne akitaka Alhamisi ihesabiwe kuwa siku ya matibabu. Mara nne walimjibu kwamba shamba si hospitali. Tarehe 28 Februari 2017 aliacha kazi kabla ya wakati wake, na Jumatatu iliyofuata akapanda pikipiki hadi Minjila, kwa Jatani, mwenye duka la saruji na chakula cha mifugo. Alikwenda kumwombea kazi Ubeid, aliyekaa soba pamoja na Mahadi na aliyekuwa amekataliwa na waajiri saba.

Jatani hakuinua kichwa. "Mama, hiyo mateja ataniibia mpaka kofuli. Mimi nataka mtu ya kazi, siku sita."

"Siku sita utazipata. Tano za Ubeid, ya Alhamisi yangu."

"Yako? Wewe mzee."

"Alhamisi saa moja nitakuwa hapa. Nisipofika mfukuze."

Alifika. Alikuwa na miaka hamsini na mitano na magoti mabovu. Alifunga kanga kiunoni, akaburuta mifuko ya saruji, akapakia mkokoteni, akafagia ghala. Hakufanya vizuri. Mfuko mmoja alioupasua ulimwacha mweupe kuanzia kichwani hadi vidoleni, na mteja mmoja alikimbia akidhani ameona jini. Hiyo ndiyo mara pekee watu wa Minjila walipomwona akicheka kazini. Alhamisi ya nne wazee wa mnadani walimzunguka Jatani wakimuuliza kwa nini anabebesha bibi wa watu saruji. Jatani akamjia kwa aibu.

"Mama, basi. Kaa kwa kivuli. Ubeid aende tu huko Malindi, mimi sikati kitu."

"Hisani yako sitaki. Andika."

"Niandike nini?"

"Kwamba Alhamisi ni ruhusa yake. Kesho ukiamka na kichwa kingine, karatasi itakuwa na kile cha leo."

Jatani aliandika kwenye kipande cha mfuko wa saruji. Kwa karatasi hiyo Rodah aliingia mahoteli, gereji, vinu vya kusagia na mashamba ya migomba. Kila mahali alisema yale yale, na kila walipomkatalia alifunga kanga. Aliosha malori. Alimenya viazi. Alipalilia. Baadaye wale waliokwisha kushika kazi walianza kushikiana zamu, wa hoteli akienda gereji, wa gereji akienda kwenye kinu, kila mmoja katika wiki ambayo si yake ya kusafiri. Kufikia mwisho wa mwaka jana watu thelathini na wanne walikuwa kazini Garsen, Minjila, Ozi na hapa Hewani.

Rodah alishikilia kwamba kupata kazi ni jambo la siku moja, na kwamba mtu humpotea mwajiri katika wiki ya tatu, anapoanza kuaminiwa na hajui afanye nini na imani hiyo. Kwa hiyo wiki ya tatu aliwafuata watu wake bila kupiga hodi. Safiya, anayepika katika hoteli ya Bi Batula pale Garsen, alirudi maskani ya unga mara tatu. Mara zote tatu Rodah alimfuata ndani, katikati ya moshi na wanaume waliolala, akamtupia aproni.

"Vitunguu vya Batula havijakatwa."

"Mama, niache. Mimi nishaharibika."

"Sikukuuliza habari zako. Nimesema vitunguu."

Safiya ametimiza miaka mitano bila unga. Ndiye aliyepika chakula cha leo.

Familia ingependa kusema kwamba kijiji kilimuunga mkono. Kijiji kilimwita mama wa mateja. Kuna waliowahamisha watoto wao njia ili wasipite kwenye ua wake. Chama kimoja chenye viti vya kukodisha kilimnyima viti hamsini, mwaka 2019 na tena 2021, kwa hoja kwamba vitaibiwa. Viti hivyo ndivyo mlivyokalia. Vimepakuliwa asubuhi hii na Ubeid na wenziwe, na vitahesabiwa mbele yenu vikirudi.

Mwaka 2022 shamba la mpunga lilipata uongozi mpya na kuhitaji watu. Rodah alikubali kurudi kwenye lango lile, safari hii akiwa upande wa nje, akawaingiza watu kumi na mmoja. Kwa miaka mitatu hapakuwa na lawama juu yao. Halafu Jumatatu, tarehe 14 Julai mwaka huu, likabandikwa tangazo kwamba kila kibarua alete cheti cha tabia njema kutoka polisi. Wote kumi na mmoja wana kesi za zamani, za wakati wa unga: kukutwa na kete za unga, kuzurura, kuiba mabati mawili ya mtu. Walitolewa siku hiyo hiyo kabla ya chai.

Rodah alikwenda na kiti chake cha plastiki, akakiweka langoni. Wakati huo alikuwa ameshaambiwa na daktari kwamba moyo wake umepanuka na miguu yake ilikuwa imevimba. Alitakiwa kulala na miguu juu. Harrison alimsihi.

"Rodah, utakufa pale."

"Waliwekwa pale na mimi. Nikilala kitandani, nani atawaona?"

Alikaa siku thelathini na sita. Meneja alipopita na gari lake alipandisha kioo. Siku moja alikishusha.

"Mama, sisi hatubagui. Ni utaratibu tu."

"Najua utaratibu," Rodah akamjibu. "Mimi niliuandika miaka thelathini, na uliua mtu. Wewe wako umeua wangapi?"

Tarehe 25 Agosti wanane walirudishwa. Watatu walikataliwa. Katika hao watatu, mmoja, ambaye hatutamtaja kwa sababu mama yake yuko hapa, alirudi maskani kabla ya mwezi kuisha, na hadi leo hatujaweza kumtoa. Wawili wanasubiri. Rodah aliendelea kwenda langoni kila Jumatatu kwa ajili yao.

Jumatatu ya tarehe 3 Novemba alianguka pale. Mlinzi alisema haruhusiwi kutumia gari la shamba. Ubeid alimpigia simu Jatani, naye akaja na pikapu yake akiwa bado na vumbi la saruji mikononi, wakampeleka hospitali Malindi. Safiya alipanda nyuma pamoja naye, akamshika mkono akilia.

"Usinishike kama naaga," Rodah alimwambia. "Alhamisi hii ni zamu ya nani?"

"Ya gereji, mama."

"Nani anaishika?"

"Mimi."

"Haya. Usichelewe."

Alifariki Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, zikiwa zimebaki siku kumi na tano atimize miaka sitini na minne. Daktari ameandika kwamba ni moyo. Familia haipingani na daktari. Familia inataja tu mahali alipokuwa ameketi.

Ameacha mume wake, Harrison Gunga. Watoto wake Hiribae, Loise na Komora. Wakwe wawili na wajukuu watano. Kaka yake, Mzee Samsoni Buya wa Ngao. Ameacha pia watu thelathini na mmoja walioko kazini. Wengine wao hamwaoni hapa kwa sababu wamebaki kuwashikia wenzao zamu ili hawa waje kumzika. Bi Mwanaarusi wa Ozi amefika na ameketi pamoja na familia, kwa ombi la marehemu.

Jana alasiri gari la shamba lilileta shada la maua lenye utepe unaomshukuru marehemu kwa mchango wake katika jamii. Hamlioni juu ya jeneza. Harrison, ambaye wengi wenu hamjapata kumsikia akipaza sauti, alilipokea, akasoma utepe wote, kisha akalirudisha mikononi mwa dereva.

"Mpelekee aliyekutuma," akamwambia. "Mwambie maua hatukuagiza. Kuna watu wawili wanangoja barua za kurudi kazini."

Tumelisubiri gari hilo tangu asubuhi. Halijarudi.

Mungu ampumzishe Rodah kwa amani, maana hapa hakumwachia mtu nafasi ya kumpumzisha. Kesho kutwa ni Jumatatu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Harrison atakuwa langoni, na yeyote mwenye kiti aje nacho.