Viungo vya Shaba vya Gashoho: Kumuaga Fundi Uthmani Chabani

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, Fundi Uthmani Chabani anastaafu tarehe 30 Juni 2004. Aliingia karakana yetu ya maji hapa Gitega akiwa kijana wa mtaa wa Waswahili, na anatoka akiwa babu, sauti yake ikiwa haijapungua hata kidogo. Stoo itakuwa kimya. Wengine wetu watafurahia utulivu huo kwa wiki moja, kisha wataanza kumtafuta.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuchagua viungo vya bomba vya shaba ya njano: viwiko, nati, koki na ndugu zao. Aliamini kwamba Burundi nzima hakuna mwingine anayejua kuvichagua, na hakuona aibu kulisema. Kila mzigo mpya aliupitishia sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Kiungo kilichonata kilitupwa nje, maana kilikuwa chuma kilichopakwa rangi. Mama Faida, Mkongo anayeuza vifaa sokoni, akimwona tu kwa mbali alianza kupanga upya meza yake.

Vita vilipopamba moto, kuchagua vibaya kukawa hatari. Kwenda Muyinga kulihitaji msafara wenye askari, na ukisahau kitu ndio basi. Mwaka 1998, kituo kimoja cha wazazi huko Gashoho, mkoani Muyinga, kilikatikiwa maji. Mkunga wake, Fatouma, alikuwa akizalisha kwa maji ya bondeni huku kuhara damu kumeenea kwenye kambi ya waliokimbia vita iliyo jirani, na wiki hiyo alikuwa amempoteza mama mmoja. Alituma habari kupitia dereva wa msafara kwamba bomba limepasuka. Uthmani hakuuliza ni bomba la aina gani. Alijaza boksi viungo vya nyuzi, vile vya kuzungushwa kama skrubu, vizuri kuliko vyote tulivyokuwa navyo, akapanda gari.

Alipofukua, alikuta bomba la plastiki nyeusi. Kiungo cha nyuzi hushika bomba la chuma. Plastiki inataka kiungo chenye pete, ambacho ukikaza nati, pete inabana bomba. Uthmani alijaribu kulichoma bomba kidogo ili liingie kwa nguvu, likanywea kama soksi.

"Nani alikwambia bomba yetu iko ya chuma?" Fatouma aliuliza. "Mi niko na wamama ndani!"

Msafara ulikuwa umeshaondoka. Basi Uthmani, ambaye hatujawahi kumsikia akiomba msaada hata wa kushikiwa ngazi, aliazima baiskeli, akashika barabara ambayo siku hizo watu waliikwepa, hadi Muyinga mjini. Alikumbuka kwamba msikiti mmoja kule una viungo vya pete pale watu wanapotawadha. Alimkuta mtunzaji wake, mzee Waziri, akamweleza kosa lake bila kuficha.

"Fungua tu, we Uthmani," Waziri alimwambia. "Sisi tutatawaza na birika. Wamama hawawezi ngoja."

Walivifungua pamoja. Kesho yake maji yalitoka wodini, na Fatouma alilia mbele ya koki bila kujificha.

Msafara uliofuata, Uthmani alipeleka viungo vipya, akavifunga msikitini, kisha akataka kwenda Gashoho kuvibadilisha vile vya zamani ili amrudishie Waziri. Ndipo Waziri alipomweleza kwamba bomba lile la msikitini aliliweka liwe sadaka ya kudumu kwa ajili ya mkewe, Pili, aliyefariki akijifungua.

"Ile ya Pili iache kule kwa wamama," alisema. "Iko pahali pake."

Uthmani alitusimulia hayo hapa stoo huku akijifuta uso kwa kitambaa chenye grisi.

Tangu hapo ana sheria moja: hatoi kiungo mpaka aletewe kipande cha bomba. Watu wa Itaba na Buraza wameizoea, wanakuja na vipande mfukoni. Hata mkurugenzi wetu, bomba la kwake lilipopasuka, alirudishwa nyumbani kufuata kipande.

Mwezi huu Gashoho wamewekewa bomba kubwa zaidi, na mpango ulikuwa kung'oa viungo vyote vya zamani. Uthmani aliomba hiyo iwe kazi yake ya mwisho. Alichagua kiungo cha kupunguzia, chenye mdomo mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, ili viungo vya Pili vibaki palepale kwenye koki ya wodi. Safari hii alituma kwanza kuomba kipande cha bomba. Fatouma alituma viwili, cha zamani na kipya, vimefungwa kwenye kitenge, pamoja na salamu kwamba asivichome.

Fundi Uthmani, asante kwa maji. Mungu akupe afya, usingizi wa mchana na wajukuu wasikivu. Mlango wa stoo uko wazi kwako siku zote. Bomba la nyumbani kwako likipasuka, njoo tukuchagulie kiungo. Ila njoo na kipande.