Miaka Thelathini na Saba ya Pankajavalli Mbele ya Maikrofoni

Leo, tarehe 31 Mei 2014, Dada Pankajavalli anastaafu kazi ya kuingiza sauti katika studio yetu ya Thiruvananthapuram, baada ya miaka thelathini na saba. Amewasemea mastaa wa kike katika filamu mia tatu na kumi na mbili za Kimalayalam, lugha yetu. Jina lake halimo hata katika moja.

Alianzia Madras mwaka 1977, enzi ambazo filamu zetu zilitengenezewa ugenini, kwa Watamil, nasi tukila wali wao huku tukiwasema samaki wao. Waingiza sauti wote walibanana kwenye maikrofoni moja. Mmoja akikohoa, picha inarudishwa mwanzo na kila mtu anaanza upya. Dada hakukohoa, na waliokohoa waliujua ulimi wake: "Wewe, kama kifua kibovu, nenda kaigize maiti!"

Studio zikahamia nyumbani, na warembo wa Bombay wakaja. Kimalayalam hawakukijua, basi mbele ya kamera walihesabu tu. Mmoja alimlilia mume aliyekufa kuanzia moja hadi arobaini na tatu, machozi yakimchuruzika. Dada akaitazama ile midomo, akapachika maneno juu ya hesabu, na mafundi wazima wakatoka nje kupenga kamasi. Mrembo akapewa tuzo, akashukuru kupitia mkalimani. Dada alikaa safu ya nyuma. "Harusi yangu, bibi harusi mwingine," alisema, kisha akaomba chai.

Wenye filamu hawakutaka mtazamaji ajue kwamba sauti ya mrembo ni ya kuazima. Kwa hiyo jina lilikatazwa. Na mwandishi wa majina yanayoonekana mwanzo wa filamu nilikuwa mimi, Kunjappan, ninayeandika haya.

Kule Ottapalam, nyumbani kwao Dada, mama yake, Mama Devayani, alikuwa hakosi filamu. Alisoma majina yote, la kwanza hadi la mwisho, akitafuta la mwanawe. Majirani walimchokoza: "Sema ukweli, binti yako kule studio si anafagia?" Naye akajibu, "Ngojeni tu, mtalisoma."

Mwaka 1989 nilimwahidi Dada. Niliandika jina lake kwa herufi za manjano, akaandika barua nyumbani. Mama Devayani akavaa nguo mpya nyeupe, akawachukua majirani kumi na mmoja, akawakatia tiketi wote. Majina yakapita. La Pankajavalli halikuwemo. Taa zilipowashwa, jirani mmoja alimuuliza kama fagio nalo limeandikwa.

Dada, miaka yote hii umeamini bosi wetu wa studio ndiye aliyelikata jina lako. Sivyo. Bosi alipita tu mlangoni akauliza, "Kunjappan, hilo jina la nini?" Hakuagiza lolote. Wembe niliuchukua mwenyewe, nikakata kipande kile cha filamu, kwa kuwa mwezi ule nilikuwa nasubiri kupandishwa cheo. Nikapandishwa. Mama yako hakuingia tena sinema, na alifariki miaka saba baadaye majirani wakiwa bado wanaulizia fagio.

Siku hizi waigizaji wetu wanasema kwa vinywa vyao, na sauti inanaswa pale pale kwenye kamera. Ni vizuri. Wewe unaagwa kwa shali na saa ya ukutani. Saa, jamani! Mtu aliyeishi akikimbizana na nusu ya sekunde!

Kijitabu hiki cha kukuaga hakikupitia kwa bosi. Mimi mwenyewe nimekipeleka kwa mchapaji. Jina lako liko juu kabisa, kwa mkono wangu, kwa herufi zile zile za manjano. Najua aliyelingoja hayupo.

Asante kwa kazi yako, Dada. Kapumzike salama Ottapalam, na sauti yako sasa iwe yako peke yako. Nikija kubisha hodi, una haki ya kunyamaza.