Bi. Chien Yueh-luan na Mashine ya Kufulia ya Ghorofa ya Nne

Marehemu Bi. Chien Yueh-luan alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1951 mjini Keelung, Taiwan, akiwa mtoto wa tatu wa mpakuzi wa mizigo ya meli. Alisoma hadi darasa la sita. Hesabu aliipenda, lakini nyumbani kulikuwa na wadogo wanne wa kulea.

Mwaka 1967 aliajiriwa katika kiwanda cha makoti ya mvua, akashona mifuko ya makoti hayo kwa miaka ishirini na miwili. Baadaye alipika katika jiko la shule hadi alipostaafu mwaka 2006.

Tarehe 9 Desemba 1975 aliolewa na Lu Ching-tu, fundi wa injini za meli. Walijaliwa watoto wawili, Pei-chun na Yi-hung.

Machi 2009 mumewe alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulipooza, na ingawa daktari alisema angeweza kuongea akijaribu, alikaa miezi kumi na moja bila kutamka neno. Marehemu alifua mashuka yake mara tatu kwa siku. Siku mbili kabla ya mwaka mpya wa Kichina, Februari 2010, mashine ya kufulia ya nyumbani kwao, ghorofa ya nne, ikawa inavuma tu, haizunguki.

"Mama, hii imeshakufa," fundi wa duka la mashine alimwambia kwenye simu, hata hajaiona. "Tukifungua baada ya sikukuu, njoo uchukue mpya."

Marehemu alifua kwa mikono siku nne, kwa maji ya baridi, hadi vidole vikapasuka. Siku ya tano alichukua spana za mumewe, akailaza mashine ubavu sebuleni, mbele ya kitanda cha mgonjwa. Alikuwa ameshaingiza mkono chini yake aliposikia sauti.

"Chomoa!"

Alidhani ni televisheni. Televisheni ilikuwa imezimwa.

"Umesema nini, Baba Pei-chun?"

"Waya. Chomoa."

Alichomoa, akaketi sakafuni, akalia. Mzee alimwacha kidogo, kisha akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto. "Mkanda." Ulikuwa umelegea ukatoka kwenye gurudumu lake. Alimwelekeza neno kwa neno: legeza nati za mota, vuta mota nyuma, kaza.

"Si hivyo, mjinga we!"

"Hee! Miezi kumi na moja kimya, na matusi hujayasahau!"

Jioni hiyo mashine ilizunguka. Mzee Lu aliendelea kuongea, mara nyingi kwa kulalamika, hadi alipofariki tarehe 2 Juni 2016. Marehemu aliwatengenezea majirani mashine zao, na hakugusa yoyote kabla ya kushika mwenyewe plagi iliyochomolewa.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alienda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa basi, akiwa peke yake, na hakutaka kusindikizwa. Asubuhi ya tarehe 14 Machi 2024, akiwa hospitalini, alimuuliza binti yake, "Mvua imekatika?"

"Bado, Mama."

"Basi msianike nje."

Hakusema tena. Alifariki asubuhi hiyo, saa tano na dakika kumi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, na dada yake, Bi. Chien Yueh-chiao. Majivu yake yatahifadhiwa kando ya mumewe. Alale kwa utulivu.